Kumtoa Mpangaji kwa Njia ya Sheria

Nchini Kenya, mpangaji aliye ndani ya nyumba au duka hatolewi na mwenye nyumba. Hutolewa kwa amri ya mahakama au ya jopo la kodi, na amri hiyo hutekelezwa na dalali mwenye leseni. Ukilishika hilo, mengine yote yaliyomo humu ni njia tu ya kuifikia amri hiyo. Ninakuandikia hasa wewe mwenye vyumba vichache vya kupangisha Changamwe, Githurai au Nyalenda, ambaye kodi ya mwezi ndiyo karo ya watoto. Lakini mpangaji naye ausome mwongozo huu, maana kila hatua unayotakiwa kuifuata wewe ni haki anayoweza kuidai yeye.

Mambo huanza vivyo hivyo karibu kila mahali. Kodi ya mwezi wa kwanza inachelewa, ya mwezi wa pili haiji, kisha simu haishikwi. Msimamizi wa ploti anaambiwa akate maji. Wiki inayofuata umeme nao unakatwa. Mwishowe kufuli kubwa linatiwa mlangoni mpangaji akiwa kazini, au fundi anaitwa ang'oe mabati. Nakusihi usifike huko. Siku unayotia kufuli, aliyekuwa mdeni wako anageuka mlalamishi. Atakimbilia mahakamani au kwenye jopo akiwa na picha za mlango uliofungwa, atapata amri ya muda ya kurudishwa ndani, na ikiwa televisheni au bidhaa zake zimepotea, utatakiwa kuzilipa. Hesabu yako ya kodi, ambayo ilikuwa ya haki kabisa, itawekwa kando wakati wewe unajieleza. Na kwa nyumba zinazolindwa na sheria ya kodi za makazi, ambayo naifikia sasa hivi, kumsumbua mpangaji makusudi ili ahame ni kosa la jinai.

Jua kwanza uko chini ya sheria gani

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu Kenya haina sheria moja ya upangaji. Kuna milango mitatu, na ukibisha usio wako utaambiwa urudi ulikotoka baada ya kupoteza miezi.

Mlango wa kwanza ni wa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hizi ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, na kesi zake husikizwa na jopo la kodi za nyumba za makazi. Kiwango hicho hakijaguswa kwa miongo mingi. Mijini kimebaki kuwalinda watu wa vyumba vya chini kabisa, na naona ni aibu kwamba familia inayolipa 4,000 kwa chumba cha mabati haina kinga hiyo. Lakini ndivyo sheria ilivyo. Ikiwa nyumba yako iko katika kundi hili, notisi peke yake haitoshi hata kidogo. Jopo litataka kuona sababu inayotambuliwa na sheria, kama kodi isiyolipwa au uharibifu wa nyumba, na hata sababu ikiwepo litajiuliza kama ni haki kumtoa mtu huyu katika hali aliyo nayo.

Mlango wa pili ni wa biashara, na ndio wenye mitego mingi zaidi. Sheria ya Wenye Majengo na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura ya 301, huwalinda wapangaji wa biashara ambao hawana mkataba wa maandishi, na kesi zake husikizwa na jopo la biashara. Huwalinda pia wale ambao mkataba wao wa maandishi hauzidi miaka 5, au una kipengele kinachoruhusu kuuvunja kabla ya miaka 5 kwa sababu nyingine isiyo ukiukaji wa masharti. Neno duka hapa ni pana. Saluni, kinyozi, fundi wa viatu na mwenye kutoa huduma kwa malipo wote wamo. Basi usijidanganye kwamba kwa kuwa hamkuandikiana chochote, mpangaji wako hana haki. Ni kinyume kabisa: kutoandikiana ndiko kunakompa ulinzi. Wenye majengo makubwa wanalijua hili, ndiyo maana utaona mikataba yao ni ya miaka 5 na miezi 3, bila kipengele cha kuivunja katikati.

Mlango wa tatu ni wa nyumba za kuishi zenye kodi inayozidi 2,500, pamoja na biashara zenye mikataba mirefu. Hawa huongozwa na mkataba wao na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, na kesi zao huenda kwa hakimu mwenye mamlaka ya kesi za ardhi au, thamani ikiwa kubwa, katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kwa ndugu zangu wa Pwani nina maneno mawili. Mahakama ya Kadhi haina mamlaka juu ya mzozo wa kodi, hata kama wewe na mpangaji wako mnaswali msikiti mmoja. Katiba imeipa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, basi. Tena kuna nyumba za Mombasa zilizojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, mwenye nyumba akilipa kodi ya kiwanja na mwenye kiwanja akiwa mbali. Mzozo kati ya wawili hao si wa mpangaji wa kawaida. Mtafute wakili kabla ya kuandika hata mstari mmoja.

Notisi ndiyo kesi yenyewe

Watu hulalamika kwamba mahakama zetu zinachelewa, na mara nyingi ni kweli. Hata hivyo, kesi nyingi za kumtoa mpangaji hufa kwa sababu ya karatasi moja iliyoandikwa vibaya kabla hata ya kufika mahakamani. Tumia muda wako hapa.

Kwa biashara inayolindwa na Sura ya 301, barua yako mwenyewe, hata ikiandikwa kwa adabu na kupigwa muhuri, si notisi. Notisi ni ile fomu maalumu iliyowekwa na kanuni za sheria hiyo, ambayo watu huiita Fomu A. Lazima itaje sababu, na sababu hizo zimeorodheshwa katika kifungu cha 7. Miongoni mwake ni mpangaji kukaa miezi 2 bila kulipa kodi iliyofika wakati wake au kuwa na mazoea ya kuchelewesha, kuvunja masharti kwa kiasi kikubwa, mwenye jengo kukusudia kulibomoa na kulijenga upya, au kukusudia kulitumia yeye mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Ukitaja ujenzi, jiandae kuonyesha ramani iliyoidhinishwa na kaunti pamoja na ushahidi kwamba fedha zipo. Nia iliyo moyoni tu haipiti.

Notisi hiyo haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu siku mpangaji alipoipokea. Sikiliza vizuri: alipoipokea, si ulipoiandika. Ukiiandika tarehe 1 Machi akaipokea tarehe 12, kisha ukaweka kwamba inaanza tarehe 1 Mei, umeshaiharibu. Weka tarehe 1 Juni ulale usingizi. Mahakama ya Rufaa ililieleza jambo hili waziwazi katika kesi ya duka moja la Diani, rufaa ya madai nambari 203 ya mwaka 1994: upangaji wa aina hii hauvunjwi ila kwa utaratibu wa sheria yenyewe, na utaratibu huo unadai fomu iliyowekwa, muda wa miezi 2, na sababu iliyotajwa. Tangu hapo majopo yamekuwa yakizitupa notisi zisizotimiza hayo. Utaratibu ni huohuo ukitaka kupandisha kodi ya duka. Huwezi kumwambia tu mpangaji kwamba kuanzia mwezi ujao analipa zaidi.

Mpangaji wa duka, nawe una saa inayohesabu. Ukishapokea notisi una mwezi mmoja wa kumjibu mwenye jengo kwa maandishi ukisema unakubali au hukubali. Kama hukubali, peleka malalamiko yako kwa jopo kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye notisi. Ukifanya hivyo, notisi inasimama mpaka jopo liamue, nawe unaendelea kulipa kodi kama kawaida. Ukinyamaza, kifungu cha 10 kinaipa notisi nguvu siku hiyo ikifika. Nimewasikia wafanyabiashara wakisema waliiweka notisi kwenye droo wakitumaini hasira za mwenye jengo zitapoa. Usifanye hivyo. Kujibu ni kazi ya karatasi moja.

Kwa nyumba ya kuishi iliyo nje ya kinga ya 2,500, angalia kwanza mkataba unasema nini kuhusu notisi, na uufuate. Kama hakuna mkataba wa maandishi na kodi hulipwa kila mwezi, Sheria ya Ardhi huuhesabu upangaji huo kuwa wa mwezi hadi mwezi. Notisi yake isipungue mwezi mmoja, na imalizikie siku ya kulipa kodi. Chukua mfano wa kodi inayolipwa tarehe 5. Ukitoa notisi tarehe 20 Machi, mwezi mmoja unatimia tarehe 20 Aprili, lakini hiyo si siku ya kodi, kwa hiyo notisi inamalizika tarehe 5 Mei. Barua yenyewe haihitaji maneno makubwa:

"Wewe ni mpangaji wa chumba nambari 4 katika ploti yangu, kwa kodi ya shilingi 9,000 inayolipwa tarehe 5 ya kila mwezi. Kwa barua hii ninakupa notisi ya kuukomesha upangaji huo. Utakoma tarehe 5 Mei, siku ambayo utanikabidhi chumba kikiwa kitupu. Hadi leo ninakudai shilingi 27,000, kodi ya Januari, Februari na Machi."

Tia tarehe kamili pamoja na mwaka, saini, na jina lako kama lilivyo kwenye hati ya nyumba. Usitishe, usitukane, usitaje mambo ya ndoa yake. Barua hiyo itasomwa na hakimu.

Mkataba ukiwa wa muda maalumu, tuseme miaka 3, na unataka kuuvunja kwa sababu mpangaji amekiuka sharti, notisi yako ieleze kosa ni lipi na impe nafasi ya kulirekebisha, kwa siku zisizopungua 30. Akilirekebisha, msingi wako umeondoka. Hata asiporekebisha, anaweza kuiomba mahakama imwonee huruma, na mahakama ina uwezo wa kufanya hivyo.

Kisha kuna namna ya kuifikisha. Mpe mkononi, asaini nakala na aandike tarehe. Akikataa kusaini, msigombane. Nenda na mtu mzima asiye jamaa yako, ampe mbele yako, kisha aandike alichokiona. Kwa biashara, sheria inakubali pia kumwachia mtu mzima wa familia yake au mfanyakazi aliye dukani, au kuituma kwa posta ya rejista. Picha ya notisi kwenye WhatsApp itume kama nyongeza, si badala ya karatasi. Kama unaona mpangaji atakuja kusema hajawahi kuiona, mlipe mpeleka hati wa mahakama akuandalie hati ya kiapo.

Baada ya notisi kumalizika, angalia pesa zinazoingia. Mpangaji akikutumia kodi kwa M-Pesa nawe ukanyamaza mwezi baada ya mwezi, anaweza kuja kusema kwamba ulimsamehe na upangaji ukaendelea. Mwandikie siku hiyohiyo kwamba umezipokea kama malipo ya deni na ya muda aliokaa, na kwamba notisi haijafutwa.

Kabla ya kufungua kesi

Zungumzeni. Silisemi hili kwa kujaza ukurasa. Kwa deni la 27,000, gharama ya kesi na ya dalali inaweza kulimeza lote. Mwite mpangaji, mbele ya mzee wa mtaa au chifu mkipenda, na mfike kwenye tarehe. "Mama Zuhura, naomba univumilie mpaka mshahara wa mwisho wa mwezi." "Mwanangu, deni la Januari nitakusamehe ukinikabidhi ufunguo tarehe 30, lakini tuandikiane." Makubaliano ya namna hiyo, yakisainiwa na wote wawili na mashahidi, yameokoa ploti nyingi. Chifu anaweza kuwapatanisha. Hana uwezo wa kumtoa mtu, wala afisa wa polisi hana, mpaka aone amri.

Mpangaji asipotoka, kusanya karatasi. Hati ya umiliki au barua ya kukuteua kuwa msimamizi, mkataba, nakala ya notisi na ushahidi wa kupokewa kwake, na orodha ya malipo yote. Taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima ni shahidi asiyesahau, basi iombe mapema. Mkataba uwe umelipiwa ushuru wa stampu, ambao ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka kwa upangaji usiozidi miaka 3, na asilimia 2 ukizidi hapo. Usipolipiwa, mahakama inaweza kukataa kuupokea kama ushahidi mpaka uende ukalipe pamoja na faini.

Na kama nyumba ilikuwa ya marehemu baba, swali la kwanza la wakili wa upande wa pili litakuwa: wewe ni nani? Mrithi ambaye bado hajapata barua za usimamizi wa mirathi hana msimamo thabiti wa kumpa mtu notisi. Maliza mambo ya mirathi kwanza, au angalau upate barua hizo.

Kwenye majopo unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na wengi hufanya hivyo. Mahakamani wakili anasaidia zaidi, hasa mpangaji akiwa naye. Omba mambo yote kwa pamoja: kurudishiwa nyumba, kodi inayodaiwa, malipo ya muda atakaokaa baada ya notisi kumalizika, na gharama. Uamuzi wa jopo la biashara unaweza kukatiwa rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndani ya siku 30.

Kukamata mali si kumtoa mtu

Wengi huchanganya mambo mawili. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba anayedai kodi kumtumia dalali mwenye leseni kuorodhesha na hatimaye kuuza mali ya mpangaji. Inakulipa deni, haikupi nyumba. Mpangaji ambaye sofa zake zimechukuliwa bado ni mpangaji wako. Kwa biashara za Sura ya 301, dalali asiguse kitu kabla ya jopo kutoa ruhusa. Pia usitangulize dalali kisha ukadai kwamba mkataba ulikwisha zamani: kukamata mali kwa kodi ni kukiri kwamba upangaji bado upo.

Lipo pia tatizo la mpangaji aliyetoweka. Mlango umefungwa miezi mitatu, jirani anasema alisafiri, na ndani kuna kitanda na jiko. Usivunje kwa kudhani amehama. Omba amri ya kufungua mlango, ingia ukiwa na dalali na polisi, orodhesheni kila kitu hadi sufuria, mpige picha, na vitu viwekwe mahali salama.

Siku ya kutoka

Amri ikishatoka, usiichukue ukaenda nayo mlangoni na vijana wa mtaa. Inapelekwa kwa dalali aliyeidhinishwa na Bodi ya Leseni za Madalali, naye humjulisha mpangaji kwanza. Akihofia fujo au kuvunja mlango, dalali huomba mahakama iagize mkuu wa kituo cha polisi atoe ulinzi. Kazi ifanyike mchana, watoto wasiachwe peke yao, vitu vitolewe bila kuvunjwa. Sheria ikishakupa nyumba yako, huna haja ya kumdhalilisha mtu mbele ya majirani.

Mpangaji, siku hiyo una haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kusogea: amri yenye muhuri na nambari ya kesi, leseni ya dalali, na nakala ya kubaki nayo. Nambari ya kesi unaweza kuipeleka kwenye masjala ya mahakama iliyotajwa, wakuambie kama ipo. Ikiwa ndiyo mara yako ya kwanza kusikia habari za kesi hiyo, wakili anaweza kuomba utekelezaji usimamishwe siku hiyohiyo, akieleza kwamba hukupelekewa hati. Ikiwa uliijua ukaipuuza, nafasi ni ndogo, na ni afadhali ukusanye vitu vyako mwenyewe kwa utaratibu.

Nawe mwenye nyumba, ukishakabidhiwa ufunguo, pita chumba kwa chumba na dalali, andikeni hali ya kuta, vioo na mabomba, na usome mita ya umeme na ya maji. Amana aliyoiweka mpangaji mwanzoni itolewe hesabu kwa maandishi: kiasi kilichokatwa kwa kodi, kiasi cha ukarabati pamoja na risiti zake, na kilichobaki kirudishwe. Deni likizidi amana, bado unaweza kulidai mahakamani ndani ya miaka 6 tangu kodi hiyo ilipofika wakati wake, kwa hiyo daftari la kodi na notisi zako usizitupe chumba kinapopata mtu mwingine.